Odessa Verlene Broussard na Kifungu cha Tisa

Dada yetu Odessa Verlene Guillory alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, Opelousas, Louisiana, akiwa mtoto wa pili wa Alcide na Leontine Guillory. Mwaka 1957 baba yake alipata kazi kwenye reli, familia ikahamia Oakland, California. Dada yake mdogo, Eula, anasema kwamba katika safari ile ya siku tatu Odessa alisoma kwa sauti kila kibao kilichopita dirishani, mpaka abiria wa kiti cha mbele akaomba kuhamishwa.

Alisoma shule za Oakland Magharibi na kumaliza sekondari Juni 1969. Alijifunza uchapaji, kisha kwa miaka minne alihudhuria masomo ya jioni na kupata cheti cha usaidizi wa mawakili mwaka 1978. Wakati huo alikuwa tayari mke wa mtu na mama wa watoto wawili.

Mume huyo ni marehemu Clement Broussard, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyefunga naye ndoa tarehe 8 Juni 1974. Walikutana kwenye foleni ya kununua kaa. Clement alimpisha mbele yake, Odessa akamuuliza anataka nini. Waliishi pamoja miaka thelathini na saba.

Baada ya kufanya kazi katika ofisi kadhaa za mawakili, mwaka 2002 aliajiriwa na kampuni ndogo ya programu za kompyuta huko San Jose. Kampuni ile iliwawezesha watu kutengeneza kalenda na kadi zao mtandaoni. Masharti ya matumizi yalikuwa na kifungu cha tisa, kilichosema kwamba kampuni ikishtakiwa kwa lolote linalotokana na matumizi ya programu, mtumiaji ndiye atakayebeba hasara na gharama zote za mawakili. Watu walibonyeza “Nakubali” na kuendelea na kalenda zao.

Mwaka 2006 mmoja wao, Bi. Wilhelmina Tate, mwalimu mstaafu wa Stockton, alitengeneza kalenda ya kanisa lake. Picha ya ndege korongo kwenye ukurasa wa Aprili aliichagua katika picha zilizotolewa na kampuni yenyewe. Kumbe kampuni haikuwa na ruhusa ya picha ile. Mpiga picha akaishtaki kampuni, na kampuni ikamwandikia Bi. Tate kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, gharama ni zake. Bi. Tate alipiga simu karibu kila siku, na aliyezipokea ni Odessa. Wiki ya tatu Bi. Tate aliacha kulalamika. Alitaka tu kujua kama nyumba yake ikiuzwa itatosha kulipa.

Odessa alipopewa barua ya pili aichape, ile ya kumtisha Bi. Tate kwa mahakama, aliirudisha mezani kwa mkuu wake, Bwana Petrakis.

“Picha ilitoka kwetu,” alisema.

“Najua, Odessa. Lakini yule mama alikubali.”

“Basi msomee alichokubali. Umsomee kwa kinywa chako, akiwa ameketi mbele yako. Ukimaliza, nitaichapa.”

Bwana Petrakis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kukisoma kifungu kile. Alimwita Bi. Tate, naye akaja kwa treni, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kifungu kilikuwa sentensi moja iliyojaza nusu ukurasa, na msomaji alivuta pumzi mara tatu kabla ya kuona nukta. Bi. Tate alisikiliza kwa heshima, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi asiyejiandaa.

“Samahani, mwanangu,” akasema. “Ina maana mkiniuzia keki mbovu na mgeni wangu akaugua, nyinyi mnanidai mimi?”

Bwana Petrakis aliikunja barua na kumwomba Odessa alete kahawa, halafu akabadili mawazo akaenda kuileta mwenyewe.

Dai likafutwa. Kifungu kikaandikwa upya kwa sentensi mbili, nazo ni za Odessa: “Ukitumia programu hii kumkosea mtu nasi tukashtakiwa, utatulipia gharama. Kosa likiwa letu, tutalibeba wenyewe.” Wenye hisa hawakufurahi. Odessa alihamishiwa chumba cha majalada, na Novemba 2007 kazi yake ikafutwa.

“Umetutoa kwenye bima ya meno, mke wangu,” Clement alimwambia.

“Uliyobakiwa nayo yanatosha kutafuna bamia,” akajibiwa.

Kampuni ilipouzwa mwaka 2010, kifungu cha zamani kilirudishwa. Odessa alipopata habari hiyo alikwenda bustanini kupalilia, akarudi akasema kwamba angalau kwa miaka minne watu walitendewa haki. Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi, aliketi kwenye maktaba ya mtaa akiwasomea masharti wote waliotaka kujua wanakubali nini. Wengi walibonyeza hivyo hivyo, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Hakuwalaumu.

Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo. Aliyapokea kwa utulivu. Januari mwaka huu alimwita binti yake, Renata, akamwambia: “Mtakapoandika habari zangu, semeni aliyekiingiza kifungu kile ni mimi. Nilikinakili kutoka kwenye masharti ya kampuni nyingine, nikabadili jina tu. Sikukisoma. Msinifanye malaika mbele ya watu wanaonijua.” Renata alikataa. Mama alimngoja mpaka akakubali, naye ameandika.

Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa pembeni.

Ameacha watoto wawili, Renata na Lucien. Wajukuu watatu, Simone, Alcide na Thea. Dada yake Eula. Na waumini wenzake wa Kanisa la Mlima Nebo, waliozoea kumsikia akiuliza swali baada ya mahubiri.

Pumzika, Mama. Bwana akupokee jinsi ulivyokuwa.