Mama Pindo Anaiacha Mashine, Ulimi Anaondoka Nao

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, mkuu wetu, tunayemwita Mama Pindo, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Mashine, mkasi mkubwa na meza ya kukatia anatuachia. Ulimi wake anaondoka nao. Na habari ya ulimi huo ndiyo wenzangu waliyoniomba niieleze vizuri, maana miaka minne iliyopita nusura utunyang'anye mtu wetu.

Kwa wale wanaotukumbuka tu shuka inapochanika, sisi tuko nyuma ya chumba cha kufulia, mlango wa kijani. Tunashona shuka, foronya, mapazia ya wodi na magauni ya wagonjwa. Tuna mashine tano za kawaida na ovaloki moja ya kufungia kingo za kitambaa, ambayo Mama Pindo aliibatiza Mama Mkwe, kwa sababu inalalamika kutwa nzima na bado bila yeye hakuna kinachokwenda.

Alikuja hapa akiwa binti, cheti cha ushonaji mkononi na maneno tele mdomoni. Wiki ya kwanza alipewa rundo la foronya. Akazishona kwa bidii, mshono umenyooka, kona zimekaa sawasawa, akazipanga mezani akangoja sifa. Mkuu wa wakati ule, bibi mmoja mkali, akachukua moja, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kupitisha mkono. Hapakuwapo. Pande zote nne zilikuwa zimeshonwa zikafungwa. "Mwanangu," akamwambia, "mto utaingia wapi humu, kwa maombi?" Hadithi hii hatukuipata kwa maadui zake. Anaisimulia mwenyewe kwa kila anayeanza kazi, hasa akimwona amekosea na machozi yako karibu.

Ndiye aliyebadilisha gauni la mgonjwa. Lile la zamani lilifungwa kamba mgongoni, na mtu akiinuka kwenda chooni alikwenda na mkono mmoja nyuma, ameshikilia heshima yake. Mama Pindo alilivaa alipolazwa kujifungua kitinda mimba wake, akarudi kazini na hasira zake. Akakata lingine, linalopishana ubavuni na kufungwa kwa mbele, akawapa wauguzi wa wodi ya wazazi walijaribu. Haukupita muda, wodi zote zikawa zinalidai. Ukimwona mgonjwa anatembea kwenye korido mikono yote miwili iko huru, hiyo ni kazi yake.

Lakini wengi humu ndani hawamjui kwa gauni, wanamjua kwa mdomo. Nasikia walikuwepo watu waliochana shuka makusudi ili wapate sababu ya kuja kumsikiliza. Mama Pindo alimpa dereva wa gari la wagonjwa jina la Polepole. Muuguzi mmoja mrefu aliambiwa asithubutu kuugua, maana itabidi tuunge shuka mbili. Jina la Pindo alilipata kwa kutuhubiria kila siku kwamba kitambaa ni mwili na pindo ndiyo tabia.

Miaka minne iliyopita mdomo huo ulifungwa, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja hatukujua. Wa nje atashangaa, ila fundi cherehani atatuelewa. Kwetu pini zinakaa midomoni. Ukipinda pazia unazibana kwenye midomo, unazichomoa mojamoja, na mtu akikuuliza kitu unamjibu mmm. Kwa hiyo Mama Pindo alipoanza kujibu mmm kuanzia asubuhi mpaka jioni, tukasema ana pini. Alipoinamisha kichwa na kufumba macho, tukasema anapiga hesabu ya kitambaa. Mama wa watu anateketea mbele yetu, sisi tunamngoja amalize pindo.

Wengine walikuwa na maelezo yao. Mtunza stoo alimpa shikamoo kwenye korido, mama akapita bila marahaba. Siku ya pili, vilevile. Akaja mlangoni kwetu kushtaki. "Huyo bi mkubwa wenu cheo kimempanda kichwani, ama? Yaani hata salamu, kitu cha bure, naye anaibania?"

Dada yetu wa ovaloki hakuinua hata macho. "Labda salamu yako fupi, kaka. Kaifumue pindo irefuke kidogo."

Tukacheka sana siku ile. Kumbe kwake yeye kufungua mdomo kusema marahaba kulikuwa kama kulamba waya wa umeme.

Aliyetufumbua macho ni binti yangu, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha, nikapita naye kazini awaone mashangazi kabla sijampeleka kwa mama yangu. Mama Pindo akampokea, akamweka kifuani. Mtoto akafanya wanavyofanya watoto wote, akanyoosha kidole akagusa mdomo wa bibi yake, upande wa kushoto, kidogo tu kama unyoya. Mama Pindo akaganda. Hakupiga kelele. Taya limekaza, machozi yanashuka yenyewe, na mikono imemshika mtoto imara kama mwanzo. Ilipompitia akanirudishia mwanangu taratibu, akaketi. Dada wa ovaloki akamsogelea, akamtazama midomo. Hapakuwa na pini hata moja.

Alipoweza kusema, alisema, "Huyu mpelekeni kwa mafundi umeme. Ana mkono." Sisi tunalia, yeye ndiye anayetuchekesha.

Ndipo akatueleza, sentensi moja kisha anapumzika. Maumivu yanaanzia kwenye ulimi upande wa kushoto, yanapita kwenye ufizi, yanapanda shavuni. Yanapiga kama shoti, sekunde chache, yanaacha, yanarudi. Wala hayangoji sababu kubwa. Upepo wa feni, mswaki, kijiko, hata uzi. Hilo la uzi ndilo lililomuuma roho, maana tangu utoto wake alikuwa analowesha ncha ya uzi kwa ulimi kabla ya kuutunga kwenye sindano, na sasa kufanya hivyo kulikuwa kujitafutia balaa. Jino alikuwa ameshang'oa, akidhani ndilo mchawi. Likaenda jino, shoti zikabaki palepale. "Jino la watu limefukuzwa kazi bila kosa," akasema. Na alikuwa anajiandaa kwenda kung'oa la pili.

Hatukumwacha aende. Tulimpandisha ghorofani kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye alimsikiliza bila haraka, akampima, akampiga picha za kichwa, kisha akayapa mateso yale jina. Yanaitwa trijeminal neuraljia. Alivyotueleza, upo mshipa unaopeleka habari za uso kwenye ubongo, na wa kwake unapiga mayowe ya kuungua wakati aliyemgusa ni upepo tu. Hajalogwa, hajifanyi, na jino halikuwa na hatia. Mama Pindo akasema jina hilo wamelitunga kwa makusudi ili mwenye ugonjwa ashindwe kulitamka.

Dawa zilimpunguzia. Lakini siku za mwanzo zilimfanya asinzie na kuyumba, na mtu anayesinzia hakai kwenye mashine, atashona kidole. Habari zikafika ofisini. Meneja wa utawala akaja mwenyewe kwenye mlango wa kijani, kwa nia njema kabisa, akamwambia ingefaa astaafu mapema kwa sababu za afya. Mkuu wa chumba, alisema, ni mtu wa kuongea. Anaelekeza, anapokea simu, anahudhuria vikao.

Sisi tulitazama chini. Tulijua kinachokwenda kupotea si mshahara peke yake. Mama Pindo akipelekwa nyumbani siku ile, ataondoka mdomo umefungwa, na huenda usifunguke tena, maana huko atamtania nani? Yeye alimsikiliza meneja mpaka mwisho, akangoja nafasi kati ya shoti na shoti, kisha akasema polepole, "Bwana mkubwa, mimi sishoni kwa ulimi."

Meneja alijikaza asicheke, akashindwa. Akatoa miezi mitatu ya kujaribu.

Miezi hiyo tulijifunza kazi upya. Asubuhi, dawa ikiwa nzito kichwani, Mama Pindo alikaa mbali na mashine, akakagua mishono na kuweka alama za chaki. Kichwa kikitulia baada ya mchana, ndipo anashona. Kipande cha sponji chenye maji kikakaa kwenye kifuniko cha chupa mbele yake, na uzi ukaloweshwa hapo. Feni ikageuziwa ukuta, sisi tukatoka jasho kwa upendo. Maneno yake yakahamia mikononi. Akigonga meza kwa mkasi mara moja, njoo. Mara mbili, fumua ushone tena. Hakuna aliyeipenda mara mbili. Futi ya kupimia ikizungushwa hewani maana yake mzaha umefika, nimecheka kwa ndani. Na kiganja kifuani ni marahaba. Mtunza stoo alipoelezwa habari yote alikuja na shikamoo ya kuinama hadi magotini, akapokea kiganja kifuani. Tangu hapo anamwamkia kila anapopita, hata kama ndiyo kwanza wameachana. Dada wa ovaloki anasema sasa salamu imekuwa ndefu mno, inaburuta chini.

Miezi mitatu ilipotimia, meneja alisimama katikati ya chumba akauliza mapazia ya wodi ya watoto yamefikia wapi. Mkasi ukagonga meza mara moja. Tukainuka wawili na pazia mikononi, limeshapigwa pasi. Akalitazama, akatutazama, akaaga. Suala hilo halikurudi tena.

Ningependa kuandika kwamba ugonjwa uliisha. Haukuisha. Unaondoka, unakaa miezi kimya mpaka anaanza kuimba kwenye mashine, kisha asubuhi moja anafika na shali usoni na tunajua mgeni amerudi. Ziko siku alikaa kwenye ngazi za nyuma asitake mtu amsemeshe. Tulijifunza kwenda kukaa naye na kunyamaza, jambo ambalo kwa chumba chetu ni mafunzo makubwa. Mumewe, fundi baiskeli ambaye jikoni alikuwa anapajua kwa harufu tu, sasa anaponda viazi, anaponda ndizi, anapooza chai mpaka iwe vuguvugu. Mama Pindo anasema mwanamume huyo siku moja atampondea maji.

Na katika siku zake nzuri, jamani, anaongea! Anayamaliza yote aliyoyaweka akiba. Daktari ameshampangia upasuaji baada ya kustaafu. Hajamwahidi muujiza, ila amesema wengi hupata nafuu, na mimi ni mtu wa kutumaini, nimeshaanza kumshonea shali nyepesi ya kutembelea, isiyo ya kuficha uso.

Sasa habari ya sherehe ya kumuaga. Kwenye ratiba kuna kipengele kinaitwa Neno la Mstaafu. Ofisi ilimpa Mama Pindo ruhusa ya kuandikiwa hotuba na mtu mwingine aisome. Alikataa. Alinyoosha kidole, akagusa mdomo wake mwenyewe, upande ule wa kulia unaomruhusu, akasema, "Huu." Aliingia humu akiongea na anataka kutoka humu akiongea, hata kama ni maneno kumi.

Kwa hiyo tutakutana saa tatu asubuhi, kabla ya kula chochote, maana ndio wakati ulimi wake unapomwacha. Tutakuwa ndani, madirisha ya upande wa upepo yamefungwa. Mnaotaka kumkumbatia, mkumbatieni kiunoni, na mashavu muyaache kabisa. Akianza kusema na umeme ukamkamata katikati, naomba watu wasikimbilie maji, wasimpigie makofi ya kumwokoa, wala asitokee mjuaji wa kummalizia sentensi. Kaeni tu. Unapita. Atafumbua macho, ataendelea pale alipoishia, na sisi tutakuwa bado tupo.

Mama, asante kwa foronya zilizofungwa pande nne, asante kwa kutufumulisha, asante kwa kumshika mwanangu usimwangushe. Asante na kwa mzee wako aliyekupondea viazi ukatufikia kila asubuhi. Tunakuombea siku ndefu zenye upepo mwanana, chakula cha kutafuna na usingizi usiokatwa. Uende ukaishi vizuri, mama yetu. Jukwaa ni lako, na hatuna haraka.