Punje ya Pemba Ndani ya Mwangaza

Citoyen Commissaire, mkuu wa Zone yetu, Citoyen Profesa unayemfundisha binti yangu, viongozi wa Chama, wazee wetu mliofika kutoka Mitwaba na vumbi bado miguuni, Yaya Musonda dada yangu mkubwa, na ninyi majirani wa Kampemba, mliokuja kwa upendo na mliokuja kwa harufu ya mbuzi: nawasalimu wote.

Nimeitwa kusema neno la baba. Kesho binti yangu Mawazo anapanda ndege pale Luano kwenda Ubelgiji, akasomee mwangaza. Lakini kwetu mtoto haendi mbali kabla baba yake hajampaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, mbele ya watu. Na mimi, mpaka ninaposimama hapa, sijasema ndiyo wala hapana. Nimechanganyikiwa, wananchi, na sioni haya kulisema.

Maisha yangu yote nimegawa taa kwa wachimbaji wa shaba. Ninyi mliovaa taa zangu kichwani, ni nani aliyeona taa yake ikiinua hata kokoto? Mwangaza ni wa kuonea! Sasa mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia kwamba mwangaza unavuta vitu, vidogo kupita macho yetu, unavishika katikati ya tone la maji na kuvitembeza. Nikauliza: hata shaba? Akasema vumbi la shaba linasukumwa tu, halikai. Jamani! Mji mzima unakula kwa shaba, na mwanangu amepata taa inayoikataa!

Juzi tulikwenda kuona huko chuoni, mimi na Yaya Musonda. Citoyen Profesa akitueleza kwa Kifaransa kirefu, Yaya akaona kwamba chombo cha mwangaza huo ni kipya na hakijabarikiwa. Akatoa pemba, akaipuliza juu yake.

"Mashini bila pemba, itatumika muzuri namna gani?"

Profesa akashika kichwa. Maji yote ya kwenye chombo yalikuwa yamechafuka kwa udongo. Nilingoja Mawazo alie, lakini aliinama tu kwenye mikroskopi, halafu akaniita.

"Baba, kuya uone. Hii njo pemba ya shangazi."

Nikatazama. Punje moja imesimama ndani ya mwangaza, inatetemeka, haianguki, na zingine zote zinapita. Akasogeza mwangaza, punje ikafuata.

"Na ukizimisha?"

"Itaenda na mayi yake, Baba. Haifungwe."

Tangu siku ile sina usingizi. Mtu anashikaje kitu bila kukifunga? Mimi nikishika, nashika kwa vidole vyote. Tangu mama yake afariki, mtoto huyu akichelewa sokoni, mimi niko mlangoni. Je, Ubelgiji nitasimama mlango gani? Naogopa, ndugu zangu. Naogopa kabisa.

Citoyen Profesa, usinieleze tena, sitaelewa. Lakini udongo ule ni wetu, wa Mitwaba, na taa yenu iliupokea.

Mawazo, kuya hapa, mama. Sogeza kitambaa, nifikie paji. Yaya, lete pemba. Usipulize! Leo napaka mwenyewe.

Tulia. Nakushika kwa kidole kimoja tu, si vyote. Haya, nimeuondoa mkono. Nenda, mama.

Nanyi wananchi, asanteni kwa kunisikiliza, hata pale nilipokuwa sijielewi mwenyewe.