Velichka na Wanawake wa Mtaa wa Juu

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Velichka Karastoyanova atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupiga picha za matiti katika hospitali yetu ya mkoa hapa Bulgaria. Wengi wetu tutakaokaa ukumbini siku hiyo tulimkuta kazini. Mimi, muuguzi wa wodi ya saratani, ni mmoja wao.

Alianza wakati mabomba ya kupasha vyumba joto hayafanyi kazi, akawa anaipasha moto sahani ya mashine kwa chupa ya maji moto ili wagonjwa wasishtuke. Ni mpole, ila usimzoee vibaya. Mkuu mmoja wa idara aliwahi kuingia bila kubisha hodi, mgonjwa akiwa kifua wazi. Velichka alimtoa nje kwa kumshika kiwiko. Kesho yake mkuu alileta keki.

Miaka hiyo wanawake wa Mtaa wa Juu, mtaa wa Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi, nyuma ya reli, hawakufika chumbani kwake. Walifika wodini kwangu, uvimbe ukiwa umeshapasua ngozi. Hata hivyo huku koridoni tulijipa moyo: wale wanazaa mapema, wanazaa wengi, wananyonyesha, ugonjwa huu ni wa sisi Wabulgaria tunaozaa mmoja tukiwa tumechelewa. Uzazi wa mapema na kunyonyesha hupunguza hatari, ni kweli. Kupunguza si kuondoa. Na barua za kuitwa kupimwa zilianzia miaka hamsini, wakati niliowafunga vidonda walikuwa na arobaini, wengine hata hawajafika.

Mwaka 2011 alikuja Gyulten Mehmedova, mzaliwa wa mtaa ule, mama wa watoto watano, aliyeajiriwa awe mhudumu wa afya kati yao na sisi. Alikuwa na mdomo. Alisimama mlangoni kwa watu akiita, “Njoo upigwe picha, au unasubiri mumeo akupe ruhusa ya kufa?” Wakaja. Yeye na Velichka wakawa kama pete na kidole.

Yeye mwenyewe hakupimwa. “Mimi nimenyonyesha watano,” alimwambia Velichka. “Wa kuogopa ni wewe, dada. Hukuzaa, na unameza vidonge vya homoni. Ungekuwa kuku wangu ningekuchinja mapema.” Walicheka hadi machozi.

Alikubali mwaka 2016, akiwa na miaka arobaini na minne, kwa sababu wanawake walianza kumuuliza mbona yeye hapigwi. Velichka alipiga, akatazama, akarudia.

“Upande huo huo tena? Imeharibika?”

“Daktari atakueleza.”

“Hiyo sauti watolee wengine, dada. Mimi niambie.”

Mpiga picha haruhusiwi kusema. Velichka alivuta kiti, akakaa mbele yake. “Kuna kitu,” alisema. “Kibaya.”

Wodini ndipo Gyulten alipotuambia kwamba mama yake alikufa kwa “kifua”, na mama mdogo kwa “kidonda”, yaani ugonjwa huu huu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Damu yake ilipelekwa mji mkuu, Sofia, na jibu likarudi: kasoro ya jeni, ya kurithi. Ikishakuwamo katika ukoo, watoto watano hawakukingi.

Aliishi miaka miwili na ushei. Kila mchana Velichka alimletea supu. Siku moja Gyulten alisema, “Ilitakiwa mimi nikuletee wewe.”

“Ndiyo.”

“Ni haki?”

“Si haki.”

“Basi usinililie. Nenda kawatoe dada zangu ndani.”

Baada ya mazishi Velichka alianza kwenda Mtaa wa Juu siku zake za mapumziko. Walimfungia milango. “Ulimpiga picha Gyulten, akafa,” mmoja alimwambia usoni.

“Nilimpiga tumechelewa,” alijibu. “Wewe njoo mapema, nikose cha kukuonyesha.”

Huku kwetu aligombana hadi ikakubalika kwamba kila mwanamke, awe Mroma, Mturuki au Mbulgaria, aulizwe kwanza juu ya mama, shangazi na bibi wa pande zote mbili, na mwenye ukoo uliowahi kupata ugonjwa huu aitwe bila kungoja hamsini. Dada wawili wa Gyulten walikuja. Mmoja alikutwa na uvimbe mdogo, akakatwa titi, yu hai. Wa tatu, Fatme, hakuja. Aliletwa akiwa hawezi tena kupumua akilala chali. Tulimzika msimu wa baridi uliopita, na Velichka alishika ubao wa jeneza pamoja na wanaume, na hakuna aliyemkataza.

Mwezi huu alikuja Sevdie, binti mkubwa wa Gyulten, ambaye amerithi kasoro ile. Ana miaka thelathini na miwili. Picha zake ni safi.

“Mwakani atanipiga nani?” aliuliza akivaa.

“Mwenzangu.”

“Akiona kitu, atanikalia mbele aniambie?”

Velichka alitoka, akaja kutuuliza sisi swali lile lile, mmoja mmoja, tukiwa tumesimama na vikombe vyetu vya kahawa.

Velichka, asante kwa kila uliyemtoa ndani. Tunakuombea siku za utulivu, afya tele, na asubuhi za kulala hadi jua liwake. Na jibu letu, ulisikie mbele ya wote: tutavuta kiti, tutakaa.