Maua Ambayo Hayakuwa ya Mwitu: Wasifu wa Marehemu Naziha bint Khemais

Umesomwa na mdogo wake wa kiume, Mnaouar, katika arobaini ya marehemu, Ain Sellem, Jumatano tarehe 10 Aprili 2019

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu dada yetu Naziha alizaliwa tarehe 12 Februari 1949 hapa Ain Sellem, katika nyumba hii ambayo leo mmekaa uani kwake. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Khemais Riahi, mkulima wa mizeituni, na marehemu mama yetu Beya. Mtoto wa kwanza wa nyumba hii, Mabrouka, Naziha hakumkuta. Mabrouka alikufa tarehe 23 Aprili 1943 akiwa na miaka minne, siku kombora lilipoangukia zizi la kondoo mlimani, walimojificha watu wa kijiji wakati majeshi ya kigeni yakigombania mlima wetu huu, Jebel Gtar. Walikufa watu kumi na mmoja. Kombora lilikuwa la nani, kila upande hadi leo unasema ni la mwenzake.

Njia ya makaburini siku hiyo haikupitika kwa risasi, kwa hiyo wakazikwa mlimani hapohapo, upande wa mashariki. Hata mawe ya kuwawekea hayakupatikana, maana askari walikuwa wameyazoa yote kujengea vizuizi vyao. Wanawake wakapanda maua ya sosani nyeupe juu ya kila kaburi, kama tunavyopanda makaburini kwetu siku zote. Wale wageni waliofia mlimani wana makaburi yao kule barabarani, kila mtu na jiwe lenye jina lake, na majani yanakatwa kila wiki. Wetu walibaki na sosani zao.

Mwaka 1955 Naziha alianza shule ya msingi Medjez el-Bab, akitembea kilomita sita kwenda na sita kurudi. Siku moja mwalimu aliwaagiza watoto walete maua ya mwitu. Naziha akaleta yale mekundu yanayoota katikati ya ngano, ameyapanga vizuri ndani ya kombora lililokatika kichwa. Mwalimu aliruka nje kupitia dirishani.

"Umelitoa wapi hilo, we mtoto?" akauliza akiwa nje.

"Shambani, mwalimu. Yapo mengi. Nikuletee na lako?"

Shule ilifungwa siku mbili hadi wataalamu walipokuja kulichukua, na kwa siku hizo mbili dada yangu alikuwa mtoto anayependwa kuliko wote Medjez. Baadaye alisomea ualimu Tunis, akahitimu mwaka 1971, akarudi kufundisha elimu ya viumbe katika sekondari yetu hadi alipostaafu mwaka 2006. Wengi mliokaa hapa amewafundisha, na baadhi yenu amewavuta masikio. Msijifanye mmesahau.

Tarehe 6 Aprili 1974 aliolewa na marehemu Tijani Ayari, bwana shamba, mtu mpole aliyependa kula na kulala mchana. Wiki ya harusi yenyewe alimpandisha Jebel Gtar kutazama maua, akamsimamisha juani saa tatu nzima akishika mwavuli ili kivuli kianguke sawasawa kwenye ua moja. Tijani alirudi mwekundu kama pilipili, akamwambia baba yetu, "Mzee, nilikuja kuoa binti, sikujua amekuja na mlima." Lakini ni yeye huyohuyo aliyemnunulia kamera yake ya kwanza, mwaka 1979. Walijaliwa binti mmoja, Douja. Tijani alifariki mwaka 1998.

Sasa nifike kwenye kazi yake ya kweli, na naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1981 Naziha alipeleka maombi ofisi ya serikali ili liwekwe jiwe moja mlimani lenye majina kumi na moja. Akajibiwa kwamba mlima ni eneo la historia, hapajengwi kitu, na kwamba katika orodha za vita hakuna kaburi la mwanakijiji hata moja. "Ushahidi uko wapi, mwalimu?" wakamuuliza. Basi akaanza kuutengeneza huo ushahidi. Kila masika, sosani zinapochanua, alipanda mlimani na kamera na fimbo yenye alama za vipimo, akapiga picha kaburi moja baada ya jingine, miamba ikionekana nyuma. Njiani alipiga na maua mengine yote, kwa kuwa aliyapenda, na watu wakamwita Bibi Maua. Wageni waliokuja kuwaona babu zao kule barabarani walimsimamisha awapige picha katikati ya maua mekundu, wakimwambia ana bahati kuishi mahali pazuri namna hii. Aliwapiga, akawashukuru. Mimi ningewatukana.

Filamu zake zote zilisafishwa na mimi, katika studio yangu pale sokoni. Nilijua ni makaburi. Nataka hilo lieleweke, nisije nikaonewa huruma nisiyostahili.

Mwaka 2007 ilikuja kamati ya kuupamba mlima kwa ajili ya watalii, ikitafuta picha ya kalenda. Katibu wao aliingia studio, akaiona picha ya sosani ya Mabrouka ukutani, nyeupe, mbingu nyuma yake.

"Mzee Mnaouar, hii ndiyo ya jalada! Ni ya mwitu hii, siyo?"

Kama ningesema ni ya kaburini angeiacha palepale, maana hakuna Mwislamu wa nchi hii anayeweka kaburi la watu kwenye kalenda. Nikasema, "Ya mwitu kabisa, bwana. Yanajiotea tu kule juu." Jina lililochapishwa chini ya picha lilikuwa la studio yangu. La dada yangu sikulitaja.

Septemba 2008 kamati ilitaka lango la mlima lipendeze kama kalenda yake. Wakaletwa vibarua, wakang'oa sosani zote za upande wa mashariki pamoja na mizizi, wakaenda kuzipanda langoni kwa mistari. Mzee mmoja kutoka Testour, aliyekuwa miongoni mwa vibarua hao, alinisimulia mwenyewe. Alimuuliza msimamizi, "Bwana, hizi si za makaburini hizi?" Msimamizi akamwonyesha kalenda. "Soma, mzee. Maua ya mwitu ya Jebel Gtar." Mzee alisoma, akashika jembe.

Naziha alipanda mlimani Februari 2009 na kamera yake, akakuta ardhi tupu. Alishuka moja kwa moja hadi studio. Kulikuwa na mteja kitini akingoja picha ya pasipoti.

"Nani kasema ni ya mwitu?"

"Dada, keti kwanza, unywe chai."

"Sikuja kunywa chai. Nani kasema?"

"Ni mimi. Lakini lilikuwa neno tu, dada. Nilitaka picha yako ionekane."

"Imeonekana. Hongera. Sasa nenda kanionyeshe Mabrouka alipo."

Mteja alisema atarudi kesho, hakurudi. Naziha alizoa negativu zake zote za filamu, akazitia kwenye kapu la mizeituni, akatoka. Kwa miaka minne hakunisalimia. Katika Idi alimtuma Douja alete sahani ya keki tamu kwa mke wangu, na Douja ameagizwa aseme wazi, "Mama kasema hizi ni za mke wa mjomba, si za mjomba." Nilizila kwa kuiba.

Mwaka 2013 alirudi. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, hakuweza tena kuona miamba kwenye vipicha vidogo. Alisimama mlangoni na lile kapu. "Sijaja kwa mdogo wangu," akasema. "Nimekuja kwa mpiga picha. Nikuzie hizi, ziwe picha kubwa."

Nilimkuzia zote. Tukawa tunapanda mlima pamoja, mimi nimebeba picha, yeye fimbo, tukilinganisha kila mwamba wa kwenye karatasi na mwamba wa mlimani, na pale vilipokubaliana nilipigilia chuma. Tulifanya hivyo masika sita. Tulipata makaburi kumi. Mwaka jana tulipeleka ramani ofisini, wakaandika kwamba wameipokea, na hadi leo wanaendelea kuipokea.

La kumi na moja hatukulipata. Makaburi kumi Naziha aliyapiga kama mpimaji, kwa kurudi nyuma na kuhesabu hatua. La dada yake kila mwaka alilipigia magoti. Picha ishirini na nane za Mabrouka ninazo, na zote ni ua na mbingu. Hakuna mwamba wala mti. Nilipomuuliza kwa nini, alinikasirikia: "Ungetaka nimsimamie kwa mbali?"

Novemba mwaka jana alianza kuugua mapafu, akalazwa hospitali Tunis tangu tarehe 9 Januari. Madaktari na wauguzi walimtunza, tunawashukuru. Tarehe 1 Machi jioni nilikwenda kumwona. Aliongea kwa taabu.

"Umempata?"

"Bado, dada."

"Sasa hapa umekaa kufanya nini?"

Nilirudi usiku ule. Kesho yake, Jumamosi tarehe 2 Machi 2019, saa nne asubuhi, Naziha alifariki akiwa na miaka sabini. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa Jebel Gtar, nikichimba mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wapo waliouliza wakati wa maziko kama aliniambia amenisamehe. Hakuniambia, na sitasimama mbele yenu nimzulie maneno.

Tulimzika siku ya pili katika makaburi ya Ain Sellem. Kamati ilituma shada la maua, na Douja alipolitazama aliona ni sosani nyeupe zilizokatwa langoni. Hakumwambia mtu neno. Alilibeba kwa miguu hadi mlimani, akarudi saa ya alasiri na mikono mitupu.

Marehemu ameacha binti, Douja, na mume wake, wajukuu wawili, mdogo wake, ambaye ni mimi, na wifi yake, mke wangu, na wanafunzi tusioweza kuwahesabu. Ameacha pia dada yake mkubwa, Mabrouka bint Khemais, wa miaka minne, aliyepo mahali fulani upande wa mashariki wa Jebel Gtar. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na awakutanishe huko waliko, kwa kuwa hapa duniani mimi ndiye niliyewatenganisha.