Betri ya Makame na Sala Tano

Ndani ya tuktuk ya kwenda Ukunda, Makame alikuwa amepakata betri ya gari lake, imekufa. Dereva teksi mmoja, Bi Asiya, aliyekaa kando yake, akamuuliza aliichaguaje.

"Niliinyanyua kama tikiti, dada, nikaona nzito, nikalipa."

"Safari hii tazama tarehe ya kutengenezwa, na udai waranti ya maandishi. Sasa gari unaliwashaje?"

"Naliegesha msikitini. Sala ikisha, waumini wanalisukuma. Mwezi wa tatu huu sijakosa sala ya jamaa hata moja. Imamu ananitolea mfano."

"Na ukipata betri nzima, kaka?"

Tuktuk ilisimama mbele ya duka la spea. Makame hakushuka. Aliikumbatia maiti yake.