Bi Badria, Aliyetunyima Umaarufu

Ijumaa tarehe 30 Agosti 2019, Bi Badria Aboud anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika maabara yetu hapa mjini Plano. Asubuhi hiyo ataegesha gari lake palepale kivulini, mahali ambapo hata wageni wanajua si pao.

Kazi yake ilikuwa usafi wa pipa. Kwa wasiolijua, ni pipa la chuma lenye gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nasi tunasubiri ndani yake cheche ya mwanga itokane na maada giza, kile kitu kisichoonekana ambacho huenda ndicho kinachozishika nyota zisitawanyike. Kinatupita sote, hata sasa unaposoma, na hakuna anayejua ni nini. Bi Badria alitamani akijue kabla ya kustaafu. Wakati wa chakula cha mchana alizoea kukaa kando ya pipa, macho kayafumba, akisema anakisikiliza. Tulimtania sana, kisha mmoja mmoja tukaanza kwenda kukaa naye.

Mwaka jana cheche zikaonekana. Tulipagawa! Mkuu wetu, Bwana Kiplagat, aliagiza keki, na tangazo la waandishi wa habari likawa tayari. Bi Badria peke yake alikumbuka kwamba siku ya kulifunga pipa ilikuwa Idi, naye alikuja kazini nguo na nywele zimefukizwa udi, kama afanyavyo Mzanzibari yeyote siku hiyo. Chembe ya jivu la udi huo, ambalo kama jivu la kuni zozote lina mionzi kidogo, ingeweza kuponyoka kwenye ukosi wa vazi la kazi, ikaingia pipani na kutoa cheche kama zile.

Hakuna ambaye angejua. Angestaafu akiitwa mgunduzi. Badala yake alisimama mkutanini akasema, "Jamani, msi-announce bado. Hicho si kitu cha mbinguni, ni udi wangu." Tulilifungua pipa, tukalisafisha, na cheche zikapotea. Alilia, nasi tukalia. Keki tuliila hivyo hivyo, maana keki haina kosa.

Asante, Bi Badria, kwa kutunyima umaarufu ambao haukuwa wetu. Tunakuombea afya tele, na wajukuu wa Houston wakuchoshe kwa furaha. Siku tutakapokipata, simu ya kwanza itakuwa yako. Tusipokipata, tutakupigia vilevile.