Mistari Sitini na Minne ya Silvanus Mwandawiro

Jumanne tarehe 9 Septemba 1958, saa tisa alasiri, Baba alipofariki, waliokuwapo kando ya kitanda chake hospitalini Voi ni mkewe Mama Mable, watoto wake Donald na Tryphena, rafiki yake wa kazini Bwana Fanuel Opiyo, muuguzi Priscilla Wanza, na mimi Margaret, mke wa Donald, nikiwa na mtoto mgongoni.

Marehemu Silvanus Mwandawiro alizaliwa hapa Chawia tarehe 14 Machi 1912, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaajiriwa na reli stesheni ya Voi mwaka 1931, akamwoa Mable tarehe 6 Januari 1934, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Kazi yake ilikuwa kuvuta vipini vya chuma vinavyofungua njia za gari la moshi, na tangu mwaka 1939 swali moja halikumwacha, kwamba je, mtu anaweza kuthibitisha kwa kalamu tu, bila kungoja ajali, kuwa hakuna namna ya kuvuta vipini hivyo itakayokutanisha magari mawili? Akaazima kwa padri kitabu cha mantiki, yaani elimu ya kupima kama neno moja linafuata kweli kutoka kwa jingine, akajifunza peke yake miaka mingi, na mwaka 1953 makala yake ya kwanza, ya vipini vinne, ikachapishwa Uingereza. Bwana Opiyo, aliyekuwa akifundishwa naye kila baada ya zamu, leo anawafundisha vijana wa reli kwa jedwali la makala hiyo, nao walikuwa wakimtania Baba kwamba hata ugali hali mpaka authibitishe kwanza.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya vipini sita, mistari sitini na minne, kila mstari namna moja ya kuvivuta. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, kwa hiyo Oktoba 1957 aliniomba nimnakilie kazi hiyo ipelekwe kwa profesa huko Uingereza, mimi niliyeishia darasa la nne, kwa kuwa alipenda mwandiko wangu. Nilipoona mistari ishirini na mitatu ameiandikia "haiwezi kutokea", nikaiacha, nikidhani namwondolea profesa uchovu wa kusoma mambo yasiyokuwapo. Sikujua kwamba uthibitisho wote uliitegemea hiyo, maana lazima kila namna ipimwe, hata isiyowezekana.

Januari profesa akajibu kwamba kazi ina mapengo, haiwezi kuchapishwa. Wiki hiyo nilikuwa nimejifungua, Baba akaja na kuku wa supu, na nilipomuuliza habari za Ulaya akasema, "Wewe nyonyesha, mama, wale hawana haraka." Kisha akaanza kunakili upya mwenyewe, kimya kimya, mpaka Mei ugonjwa wa kifua ulipomlaza.

Juzi, nilipofungua sanduku lake kutafuta tarehe za historia hii, nikaikuta barua ya profesa, na jibu la Baba kwamba kosa ni lake, na nakala mpya iliyoishia mstari wa arobaini na moja. Siku mbili zingenitosha kumwandikia yote, na tulikaa nyumba moja miezi minane.

Tunamshukuru daktari, na Priscilla aliyempa mto wake mwenyewe, majirani wa nyumba za reli waliotuchotea maji, na wenzake waliomshikia zamu bila kuombwa.

Baba, pumzika kwa amani, na mikono yako nayo ipumzike.

Mistari iliyobaki nimeimaliza, na jana Alhamisi, saa nne asubuhi, posta ya Voi imepokea bahasha.